Kutunza na kukarabati pikapu ya Peugeot 504 nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wenye pikapu za zamani za Peugeot 504 huulizana kila wanapokutana, kwenye gereji, dukani kwa spea au barabarani boneti ikiwa juu. Mengi huanza na nguvu ya injini au ulaji wa petroli, lakini ukifuatilia unakuta kiini ni maji na joto. Mashine hii ni ngumu sana kuchoka kwa kazi, ila ni rahisi kuuawa na rejeta iliyosahauliwa. Ndiyo maana sehemu ya maji imepewa nafasi kubwa kuliko zote.

## Kabla ya kushika spana

Pikapu ya 504 ni ya aina gani, na kwa nini watu bado wanaitafuta?

Saluni ya 504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968 na ikachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya kwa mwaka 1969. Pikapu ilifuata mwishoni mwa miaka ya 1970 ikachukua nafasi ya 404. Mbele ina shokapu zilizosimama ndani ya springi za koili, nyuma ina ekseli nzima iliyokaa juu ya springi za majani. Iliundwa pia Mombasa, kwenye kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, na kwa miaka mingi ilibeba mboga, ng'ombe, saruji na abiria katika barabara ambazo magari mengine yalizikimbia.

Jina lake huku kwetu lilijengwa pia na Safari Rally. Ove Andersson alishinda mwaka 1975 akiendesha saluni ya 504, na Jean-Pierre Nicolas akashinda mwaka 1978 kwa 504 ya milango miwili yenye injini ya V6. Pikapu ni ndugu yao wa kazi. Kwa anayejitengenezea nyumbani, uzuri wake ni kwamba hakuna kompyuta: kila kitu unakiona, unakigusa na unaweza kukipima.

Ya petroli na ya dizeli, ipi ni rahisi kwa mtu wa nyumbani?

Ya petroli. Injini inayopatikana zaidi ni ya sentimita za ujazo 1796, yenye kabureta na distributa ya pointi. Vifaa vya kuifanyia sevisi ni vya kawaida na makosa mengi hayaui injini. Ya dizeli, hasa ile ya sentimita za ujazo 2304, ni mvumilivu kupita kiasi na haina moto wa plagi wa kusumbua, lakini pampu yake ya sindano na nozeli ni kazi ya fundi mwenye mashine ya kupimia. Usizifungue mezani jikoni.

Nianze na vifaa gani?

Spana za milimita na soketi zake, bisibisi nzuri, fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), taa ya kujaribia umeme au mita ndogo, koleo, tochi ya kichwani, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), na stendi mbili imara za kuegemeza gari. Stendi hazina mbadala. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala lililopangiwa matofali, kwa kuwa tofali la saruji hupasuka bila onyo. Weka kigingi kwenye magurudumu yaliyobaki chini, kisha sukuma gari kwa mkono kabla hujaingia. Likicheza, hujalishika vizuri.

Tafuta pia kitabu cha matengenezo cha 504 chenye injini yako. Vipimo vilivyomo humo vina uzito kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote.

Nimenunua pikapu iliyolala shambani miaka mingi. Niiwashe tu nione?

Hapana. Kuiwasha haraka ndiko kunakoharibu kilichokuwa kimenusurika. Toa plagi zote, tia oili kidogo ndani ya kila silinda, acha usiku mmoja, kisha zungusha injini kwa mkono ukitumia spana kwenye puli ya krankshafti. Ikizunguka laini, endelea. Ikigoma, usiilazimishe kwa stata wala kwa kuivuta na gari jingine: ringi zimeshika kutu, na kinachotakiwa ni oili zaidi na siku zaidi.

Mwaga oili ya zamani uitazame. Ikitangulia kutoka maji safi kabla ya oili, ruka moja kwa moja hadi swali la gasketi ya silinda hedi. Mwaga petroli yote iliyomo kwenye tangi, kwani petroli iliyokaa muda mrefu huacha gundi inayoziba kabureta. Badilisha hozi za petroli hata kama zinaonekana nzima. Kagua panya: wanapenda kujenga ndani ya kisanduku cha chujio cha hewa na kutafuna waya.

Mpaka hapo hujaigusa stata. Sasa, plagi zikiwa bado nje, zungusha kwa stata mpaka taa ya oili izime au geji ipande. Ndipo urudishe plagi na kuwasha. Jambo la mwisho, ambalo wengi hulisahau kwa furaha ya kusikia injini ikinguruma: usiitoe barabarani kabla ya kupita kwenye sehemu ya breki.

Nikienda kuangalia pikapu ya kununua, nitazame wapi kwanza?

Kwanza kifuniko cha rejeta, injini ikiwa baridi. Maji ya rangi ya kutu yanakueleza namna mwenye gari alivyoishi nalo. Kisha fungua kifuniko cha oili utafute utando wa rangi ya maziwa. Baada ya hapo lala chini utazame chesisi na mahali shokapu za mbele zinaposhikwa na bodi kwa juu. Rangi nzuri na viti vipya viache mwisho, hivyo vinanunulika.

## Maji na joto

Kwa nini inachemsha kila nikipanda mlima?

Mara nyingi ni rejeta iliyoziba kwa ndani. Maji ya kisima na ya bomba yenye chumvi huacha chokaa kwenye mirija myembamba, nayo hujifunga mmoja baada ya mwingine. Katika tambarare huoni tofauti, ila mlimani ukiwa na mzigo, mirija iliyobaki haitoshi. Injini ikiwa na joto, izime, feni ikiwa imesimama, pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta bila kuigusa. Sehemu zilizo baridi kuliko jirani zake ndizo zilizoziba. Fundi rejeta ataifungua tangi la juu, apitishe fimbo kwenye mirija na kuliunganisha tena kwa risasi. Kazi hiyo ikifanywa vizuri ni bora kuliko rejeta mpya hafifu.

Kama rejeta iko wazi, fuata mpangilio huu: mkanda wa feni uliolegea, hozi ya chini inayonyonywa ndani ikajibana injini ikienda kasi, kifuniko cha rejeta kilichochoka, taimingi ya moto iliyochelewa, na breki zinazoshika kwa siri zikaifanya injini ivute mzigo usioonekana.

Kifuniko kinadharauliwa mno. Kazi yake ni kushika shinikizo ili maji yachelewe kuchemka. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na huko maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kifuniko kisichoshika kikiruhusu mvuke kutoka, umeshapoteza nyuzi sita kabla hata hujawasha injini. Usikifungue kamwe injini ikiwa moto.

Fundi ametoa thamostati akasema huku kwetu ni joto, haihitajiki. Ni kweli?

Si kweli, na ushauri huu umezeesha injini nyingi kabla ya wakati wake. Thamostati huiachia injini ipate joto haraka, kisha huishikilia kwenye joto moja. Ukiitoa, injini hufanya kazi ikiwa baridi nusu ya safari, hasa asubuhi za Limuru, Njombe au Kericho: petroli haichomeki vizuri, inaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi zinalika, na maji ya unyevu hayakauki ndani ya oili.

Kutoa thamostati huficha tatizo la rejeta kwa muda tu. Kama gari linachemsha ikiwepo na halichemshi isipokuwepo, ijaribu: ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, pasha moto, uone kama inafunguka kabla maji hayajachemka. Ikifunguka, ni nzima na kosa liko kwengine. Isipofunguka, nunua nyingine uirudishe mahali pake. Bei yake ni ndogo kuliko plagi nne.

Maji ya bomba yanafaa?

Kwa dharura njiani, maji yoyote safi ni bora kuliko kukauka. Kwa kudumu, hapana. Silinda hedi ya injini ya petroli ni ya aluminiamu na bloku ni ya chuma cha kusubu. Metali hizo mbili zikikaa pamoja ndani ya maji yenye chumvi, aluminiamu huliwa. Tumia maji yaliyochujwa ya betri, au maji ya mvua yaliyokingwa safi, ukichanganya na kuleti (coolant, dawa ya maji ya rejeta) ya kuzuia kutu. Nchi zetu hazina barafu ya kupasua injini, ndiyo maana watu huiona kuleti kama anasa, lakini kinachotakiwa humo ni dawa yake ya kutu. Badilisha kila baada ya miaka miwili.

Feni haizunguki muda wote. Imeharibika?

Huenda ni nzima. 504 nyingi zilikuja na feni inayoshikwa kwa sumaku ya umeme: huzunguka na puli pale tu swichi ya joto inapoipa umeme. Gari likipoa, huachiliwa na kuzunguka polepole kwa upepo. Kuijaribu, injini ikiwa imezimwa, peleka waya kutoka betri moja kwa moja kwenye waya wa feni. Ukisikia mgongano mdogo wa kushika, sumaku ni nzima na kosa liko kwenye swichi au waya. Usiposikia, angalia kaboni inayopeleka umeme kwenye puli, mara nyingi imekwisha.

Mafundi wengi huifunga izunguke daima. Gari litaenda, ila utakuwa umeongeza kelele na mzigo kwa injini. Ukiweza kuitengeneza, itengeneze.

Nitajuaje kama gasketi ya silinda hedi imeungua?

Dalili huja kwa makundi. Maji yanapungua bila kuvuja nje. Mapovu yanapanda kwenye rejeta injini ikinguruma, au hozi ya juu inakuwa ngumu mara tu baada ya kuwasha kabla joto halijapanda. Moshi mweupe wenye unyevu unaendelea hata injini ikishapata joto. Oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Silinda mbili jirani zinakosa nguvu pamoja.

Utando mwembamba wa maziwa kwenye kifuniko cha oili pekee, kwa gari la safari fupi za asubuhi, unaweza kuwa unyevu tu. Endesha safari ndefu, ufute, uangalie tena. Usiendelee kuendesha kama oili yenyewe kwenye dipstiki imebadilika: beringi za krankshafti hazivumilii maji.

Naweza kubadilisha gasketi hiyo nyumbani?

Unaweza, kama una subira na umeelewa jambo moja la injini hii. Slivu zake, yaani mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, ni za maji: zimesimama ndani ya bloku, maji yanazizunguka pande zote, na kinachozishikilia chini ni silinda hedi. Ukiondoa hedi, slivu ziko huru. Ukizungusha krankshafti wakati huo, pistoni huinua slivu, muhuri wa chini huachia, na maji yataingia kwenye oili hata ukifunga gasketi mpya ya bei kubwa kuliko zote. Watu wengi hurudia kazi hii mara mbili bila kujua kosa lilikuwa hapo.

Kwa hiyo, mwaga maji kwanza, yote, pamoja na ya bloku. Legeza boliti za hedi kidogo kidogo kwa mpangilio, injini ikiwa baridi kabisa, la sivyo aluminiamu hupinda. Usiivute hedi juu kwa nguvu: itikise kwanza ili ibanduke bila kunyanyua slivu. Ikishatoka, zifunge slivu mara moja kwa boliti na washa pana zinazokanyaga kingo zake. Usizungushe injini bila hizo.

Peleka hedi kwa fundi mashine aipime kwa rula iliyonyooka. Kama inahitaji kusagwa, isagwe kidogo iwezekanavyo, maana kila kinachotolewa hakirudi. Slivu zenyewe lazima zitokeze juu ya uso wa bloku kwa kiasi kidogo kilichoandikwa kwenye kitabu, na zote zikaribiane. Kama moja imezama, gasketi haitaibana. Wakati wa kurudisha, kaza boliti kutoka katikati kwenda nje kwa hatua, kwa vipimo vya kitabu, kisha fuata maelekezo yake ya kukaza tena baada ya injini kufanya kazi na kupoa. Hatua hiyo ya kukaza tena ndiyo inayorukwa zaidi, na matokeo yake huonekana baada ya wiki chache.

## Moto na mafuta

Injini inamisi, yaani inakosa moto mara kwa mara. Nianzie wapi?

Anzia kwenye moto kabla ya kugusa kabureta. Petroli hulaumiwa mno. Toa plagi uzitazame: kavu na kahawia ni nzuri, nyeusi yenye masizi ni petroli nyingi, yenye oili ni ringi au gaidi za valvu. Kwa injini ya petroli ya 1796 acha nafasi ya plagi karibu milimita 0.6 na ya pointi karibu 0.4. Pointi zilizochimbika upande mmoja zikainuka upande mwingine zinaonyesha kondensa mbovu.

Halafu hakikisha nyaya za plagi ziko mahali pake. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2, lakini Peugeot huhesabu silinda namba moja kutoka upande wa gurudumu zito, yaani nyuma karibu na giaboksi, si mbele karibu na rejeta. Fundi aliyezoea magari ya Kijapani akikutengenezea taimingi kwa kuhesabu kutoka mbele, utahangaika siku nzima.

Tapeti zinalia. Nazirekebisha vipi?

Injini ikiwa baridi kabisa, vipimo vya nafasi ya tapeti, pale valvu zinaposukumwa, ni milimita 0.10 kwa valvu ya kuingiza na 0.25 kwa ya kutoa moshi. Zungusha injini kwa mkono mpaka valvu za silinda moja ziwe zinabadilishana, moja ikifunga na nyingine ikianza kufunguka, kisha rekebisha za silinda inayoendana nayo: 1 ikibadilishana rekebisha 4, ya 4 rekebisha 1, ya 2 rekebisha 3, ya 3 rekebisha 2. Fila geji ipite ikisuguana kidogo.

Tapeti inayolia haiogopeshi. Ya kuogopwa ni iliyonyamaza kwa kubana, kwani valvu isiyofunga vizuri huungua.

Petroli ya siku hizi haina risasi. Itaharibu injini ya zamani?

Afrika kusini mwa Sahara iliacha petroli ya risasi mwanzoni mwa 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021. Kwa hiyo kama pikapu yako imekuwa barabarani miaka yote hiyo, imeshajibu swali lenyewe. Hatari iko zaidi kwa injini zenye hedi ya chuma cha kusubu ambamo valvu hukalia chuma hichohicho. Hedi ya aluminiamu ya 504 ina viti vya valvu vya chuma kigumu vilivyopachikwa. Pima tapeti mara kwa mara. Kama za valvu za kutoa moshi zinapungua nafasi haraka kati ya sevisi na sevisi, viti vinazama, na hedi ikitolewa vibadilishwe.

Ilikuwa nzuri Mombasa, sasa Nairobi inatoa moshi mweusi na haina nguvu. Kwa nini?

Hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban moja ya sita, na kabureta haijui hilo. Inaendelea kumwaga petroli ileile kwa hewa pungufu. Punguza petroli kwenye skrubu ya mchanganyiko ya kasi ndogo, na kama gari litaishi bara, tafuta jeti kuu iliyo ndogo kidogo. Usiichimbe wala kuipanua jeti kwa sindano. Nguvu kiasi itapotea hata ukirekebisha kila kitu, huo ni mwinuko wenyewe.

Inazima mchana wa jua kali, ikipoa inawaka. Ni nini?

Kuna washukiwa wawili: koili inayokufa ikipata joto, au petroli inayogeuka mvuke ndani ya paipu kabla ya kufika kwenye kabureta. Inapozima, kagua cheche papo hapo, mbali na petroli yoyote iliyo wazi. Ikiwepo cheche kali, tatizo ni mvuke. Sogeza paipu ya petroli mbali na ekzosi, rudisha ngao ya joto kama iliondolewa, na hakikisha injini yenyewe haichemshi. Kitambaa chenye maji juu ya pampu ya petroli kitakufikisha Voi, lakini si matengenezo.

Ya dizeli imeishiwa mafuta. Nimejaza, haiwaki.

Kuna hewa kwenye njia ya mafuta. Legeza skrubu ya kutolea hewa kwenye chujio, piga pampu ya mkono mpaka mafuta yatoke bila mapovu, kaza. Rudia kwenye pampu ya sindano. Isipowaka, legeza nati za paipu kwenye nozeli, zungusha stata mpaka dizeli irushike, kisha kaza. Weka mikono mbali na dizeli inayorushwa kwa shinikizo, hupenya ngozi.

## Oili na giaboksi

Oili gani, na kila baada ya muda gani?

Kwa injini iliyotembea, 20W50 ya madini yenye ubora wa kawaida inafaa hali ya hewa yetu. Badilisha kila kilomita 5,000, na pungufu kama unaishi kwenye vumbi. Oili ya sintetiki nyembamba itakuonyesha kila muhuri uliochoka.

Giaboksi inaingia gia kwa ugumu tangu iwekwe oili mpya. Kwa nini?

Uliza oili gani iliwekwa. Giaboksi ya gia nne ya 504 iliundwa kutumia oili ya injini, ya daraja la 20W40 hivi, wala si oili nzito ya gia. Dukani watakupa EP90 kwa mazoea. Oili hiyo nzito huzifanya ringi za kulinganisha kasi zikose kushika, na baadhi ya dawa zake hushambulia shaba yake. Mwaga, weka ya injini, endesha siku chache. EP90 inastahili kwenye difu ya nyuma.

## Breki, springi na umeme

Gari linavuta upande mmoja nikifunga breki, au gurudumu linabaki la moto.

Usisahau hozi za mpira. Hozi ya miaka thelathini inaweza kuvimba kwa ndani ikapitisha fluidi ukikanyaga na isiirudishe ukiachia, huku nje ikionekana mpya. Fungua skrubu ya kutolea hewa ya gurudumu lililoshika: likiachia mara moja, hozi ndiyo mkosaji. Badilisha zote pamoja, si moja. Kisha kagua pistoni za kalipa mbele na silinda ndogo za nyuma kama zimeshika kutu. Fluidi ya breki hunyonya unyevu, ibadilishe kila miaka miwili, daraja la DOT 3 au DOT 4, na usitie kamwe oili ya aina nyingine hata tone.

Usipulizie vumbi la breki kwa kompresa. Breki shuu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Lioshe kwa maji yenye sabuni, uvae barakoa.

Kama breki zimekushinda kuelewa, mpe fundi. Ni sehemu ya ukurasa huu ambayo ningekusihi usijaribu ukiwa na shaka.

Niongeze majani ya springi nibebe mzigo zaidi?

Springi zikiongezwa, kinachofuata kuvunjika ni ekseli, beringi za magurudumu au chesisi nyuma ya kabini, na breki hazijaongezeka. Badilisha jani lililovunjika, paka grisi pini na bushi, ubakie kwenye uzito aliopanga mtengenezaji.

Betri inakufa kila wiki.

Pima kwanza. Injini ikinguruma, volti kwenye betri ziwe kati ya 13.8 na 14.4. Pungufu ya hapo ni altaneta, regyuleta au mkanda. Zikiwa sawa, zima kila kitu utafute waya unaokunywa usiku: redio iliyofungwa kienyeji ndiyo ya kwanza. Taa hafifu na stata nzito mara nyingi ni waya wa ati (earth) uliooza kati ya injini na bodi. Safisha pale chuma kinapokutana na chuma kabla ya kununua betri nyingine.

## Bodi na kutu

Kutu iko sakafuni. Naweza kupaka fila nimalize?

Fila juu ya kutu hushika unyevu na kuificha kazi ikiendelea chini. Kata mpaka ufike kwenye chuma kinacholia ukigonga, chomea bati lenye unene unaolingana, paka rangi ya kuzuia kutu pande zote mbili, ndipo fila nyembamba kama urembo. Ondoa waya wa betri na altaneta kabla ya kuchomea. Tangi la petroli litolewe kabisa kama unachoma nyuma, kwani tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa.

Kwa walio Mombasa, Tanga au Zanzibar, osha chini ya gari kwa maji matamu kila mwezi. Zibua matundu ya chini ya milango na ya kitanda cha mizigo. Maji yasipotoka, mlango unaoza kutoka ndani.

Kutu mahali shokapu za mbele zinaposhikwa na bodi si ya nyumbani. Hapo ndipo uzito wote wa mbele unapokaa.

## Masuala ya pembeni

Spea nitazipata wapi?

Kirinyaga Road na Grogan jijini Nairobi, na Gerezani jijini Dar es Salaam, bado utakuta wazee wa maduka wanaojua namba za spea kwa kichwa. 504 ilitengenezwa pia Kaduna, Nigeria, na Argentina, kwa hiyo spea mpya huzunguka kutoka huko na Ufaransa. Nenda na kile kilichoharibika mkononi, kwani injini zilibadilika kati ya miaka. Kwa mihuri, gasketi na hozi za breki, lipia bora. Vioo, taa na mikono ya milango, vya mitumba vinatosha.

Nimeshauriwa nitoe injini nitie ya Toyota. Mnasemaje?

Inafanyika, na kama kazi ya kila siku ndiyo lengo na injini yako imepasuka bloku, ni uamuzi wa busara. Ila hesabu gharama zote: mabano, giaboksi, ekzosi, rejeta, waya. Mara nyingi jumla inazidi ovaholi kamili ya injini ya asili, ambayo ukiifunga kwa kufuata sehemu ya maji hapo juu itakutumikia miaka mingi. Na namba ya injini mpya lazima iingizwe kwenye kumbukumbu, NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kwa Kenya na TRA (mamlaka ya mapato) kwa Tanzania. Wasipoilinganisha leo, watailinganisha siku ya kuuza.

Natamani kuipeleka kwenye maonyesho. Pikapu ya kazi inakubalika?

Concours d'Elegance ya Nairobi hutazama usafi, hali na ukamilifu, na pikapu iliyotunzwa vizuri haina sababu ya kuona haya. Usiibadilishe rangi ya asili kwa sababu ya maonyesho. Safisha sana chini ya boneti na chini ya gari.

Nasafiri miezi sita. Niiache vipi?

Badilisha oili kabla ya kuondoka, si baada ya kurudi, kwani oili chafu ina asidi. Acha maji yenye kuleti ndani ya rejeta. Kuyamwaga huifanya pampu na bloku vishike kutu kwa hewa. Jaza tangi la petroli, toa waya wa betri, pandisha gari kwenye stendi, usifunge handbreki bali weka vigingi, na ziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa ukiandika kwenye usukani kwamba umeziba. Mtu asiiwashe dakika mbili kila wiki: hiyo inaingiza unyevu bila kuukausha. Ikiwa lazima iwashwe, iendeshwe nusu saa barabarani.